Dada, mume wangu anataka bastola ya kwenda nayo porini

Mdogo wangu wa Ipole, barua yako nimeisoma, nikairudia. Unasema mume wako ni mrina asali, kama walivyo wanaume wengi wa Sikonge, na kwamba msimu uliopita waliamka kambini wakakuta nyayo za simba zimezunguka pale walipolala. Tangu siku hiyo hana raha. Sasa amepata mtu wa kumuuzia bastola isiyo na karatasi, na kianzio amekwisha kutoa. Gobore halitaki kwa kuwa halifichiki. Tena ameona kwenye simu jinsi Wamarekani wanavyotembea milimani na bastola kiunoni kwa ajili ya dubu, akauliza: kama wao wanajilinda hivyo, yeye amekosa nini? Wewe unataka kujua umsaidie kukamilisha hela au umkatalie, na ukimkatalia uanzie wapi.

Nianze na mume wako kabla ya bastola yake. Usimcheke, wala usimwambie mbele ya shemeji zako kwamba babu yake alirina asali maisha yake yote na mkuki tu. Wanaume wetu wengi hawasemi "naogopa". Husema "nataka kununua". Hela anazokusanya ndiyo namna yake ya kukueleza kwamba usiku ule kifo kilipita karibu naye.

Na hofu hiyo ina msingi. Kati ya Januari 1990 na Septemba 2004 simba waliua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 300, wengi wao upande wa kusini, Lindi, Mtwara na Rufiji. Watafiti walipofuatilia vifo hivyo waliona jambo moja linajirudia. Nguruwe pori walikuwa wakivamia mashamba wakati wa mavuno, simba wakawafuata nguruwe, na huko shambani wakamkuta mkulima amelala kwenye kibanda cha nyasi akilinda mazao. Kwa hiyo tukizungumza juu ya kumlinda mumeo, swali la kwanza ni amelala wapi, amelala vipi, na kuna nini karibu yake kinachomvuta mnyama. Alichoshika mkononi ni swali la baadaye sana.

Sasa hao wenye dubu. Ni kweli, Alaska watu hubeba bastola na bunduki porini, na sheria ya kwao inawaruhusu. Lakini watafiti wa huko walikusanya matukio 269 ya watu wenye silaha waliokutana na dubu, kuanzia mwaka 1883 hadi 2009, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Sikufichi: mara nyingi bastola iliyowahi kufyatuliwa ilimzuia mnyama. Ila walipowaweka upande mmoja waliofyatua na upande mwingine waliokuwa na silaha wasiitumie, hawakuona tofauti ya maana katika idadi ya walioumia na waliokufa. Sababu ukizisoma zinauma. Mmoja hakupata muda, mwingine silaha yake ilikwama, mwingine dubu alikuwa amekwisha kumfikia. Kabla ya hapo, mwaka 2008, baadhi ya watafiti haohao walikuwa wameangalia kopo la kupuliza pilipili, na dubu wa kahawia waliopuliziwa waliacha walichokuwa wakifanya mara 92 kati ya 100. Karibu watu wote waliolibeba walirudi bila jeraha. Pilipili, mdogo wangu. Hilo wenye video hawamwoneshi.

Halafu simba wa kambini kwenu ana tabia nyingine. Dubu wengi hushtukizwa mchana na mtu anayetembea, wakakutana uso kwa uso. Huyu wenu alikuja usiku, akazunguka, akaondoka, na hakuna aliyesikia. Bastola ingekuwa mfukoni mwa mtu aliyelala usingizi. Kisa kama hicho kilitokea Kima, Kenya, mwezi wa Juni 1900, enzi za kujenga reli ya Uganda. Afisa wa polisi aliyeitwa Charles Ryall alikaa ndani ya behewa na wenzake wawili, bunduki tayari, wamekuja mahususi kumwinda simba aliyekuwa akila watu pale stesheni. Zamu yake ya kukesha ilipofika akasinzia. Simba akaingia behewani, akamuua na kumtoa nje kwa dirishani. Alikuwa na silaha, mafunzo na wenzake, na bado alikosa yale macho mawili yaliyo wazi.

Na hata akiwa macho, afikirie sekunde. Simba aliyekwisha kuamua hukata mita 50 kwa sekunde tatu au nne. Giza, mikono inatetemeka, bastola ambayo hajawahi kulenga nayo hata mti. Kwa nyati na tembo ndiyo usiseme: wawindaji wenye vibali wanatakiwa na kanuni zetu kubeba bunduki ya ukubwa usiopungua .375 kwa wanyama hao, na bado hutembea na mwindaji bingwa pembeni. Risasi ya bastola kwa nyati humuumiza tu, na nyati aliyejeruhiwa ndiye wanayemhofia wawindaji kuliko wote. Atakayekutana naye kesho anaweza kuwa mama aliyefuata uyoga.

Ninyi watu wa Ipole mmekaa kwenye nchi yenye kumbukumbu ya bunduki kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Misafara ya pembe za ndovu kati ya Unyanyembe na Ujiji ilibeba bunduki kwa mamia. Rugaruga, wapiganaji wa watemi Mirambo na Nyungu ya Mawe, walikuwa nazo pia. Msafiri Stanley alipotoka Kwihara mwezi wa Septemba 1871, akikwepa vita vya Mirambo, alipita kusini kwa njia ya Ugunda, upande wenu huo wa Sikonge, na watu wenye silaha chungu nzima. Sasa soma jinsi misafara ile ilivyolala. Wakifika kambini, kabla giza halijaingia, wapagazi walikata miiba wakazungusha boma, wakawasha mioto, wakalala pamoja. Bunduki zilikuwa kwa ajili ya watu na pembe. Usiku wa wanyama waliuachia miiba na moto. Stanley mwenyewe aliandika kwamba kwenye mto Gombe alivua nguo aoge, akawa tayari kujitupa majini, ndipo mamba akajitokeza pale pale alipotaka kurukia. Bunduki zake zote zilikuwepo, na kilichomponya ni kwamba aliyatazama maji kabla ya kuruka.

Haya, tuje kwenye lile linaloninyima usingizi mimi zaidi ya simba. Bastola isiyo na karatasi, kwa sheria zetu, ni kosa la uhujumu uchumi. Adhabu yake ni kati ya miaka 20 na 30 jela. Sheria haimuulizi mtu kama alikuwa mwema au jangili, na haijali kama ni bastola mpya au gobore la babu. Umekaa ukapiga hesabu ya miaka 20? Mtoto wako wa mgongoni atakuwa na watoto wake. Halafu huijui historia ya chuma hicho. Silaha inayouzwa gizani huenda imekwisha kutumika kwenye unyang'anyi au mauaji, na siku ikikamatwa mkononi mwa mumeo, yeye ndiye atakayetakiwa kueleza.

Tena fikiria anavyoonekana porini. Magharibi mwenu ni Ugalla, iliyokuwa pori la akiba tangu 1965 na ikapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla mwaka 2019. Askari wa doria wanaozunguka misitu hii wameona mengi. Tanzania ilikuwa na tembo karibu 109,000 mwaka 2009. Walipohesabiwa mwaka 2014 walibaki kama 43,000. Waliowamaliza walitembea wachache wachache, usiku, na silaha zisizo na karatasi. Askari akimwona mtu mwenye bastola jioni karibu na mpaka, ndoo ya asali mkononi haitamsemea. Wakubwa kati yetu wanakumbuka Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013 ya kusaka majangili, jinsi nyumba zilivyopekuliwa na watu wasio na hatia walivyoteswa, mpaka Bunge likachunguza na mawaziri wanne wakang'olewa mwezi Desemba. Waliumia wengi ambao hawakuwa na kitu chochote ndani. Mwenye kitu angesema nini?

Na hapa nataka tuongee kama wanawake. Mumeo yuko porini majuma machache kwa mwaka. Siku zilizobaki bastola hiyo italala wapi? Chini ya godoro lako. Juu ya kenchi, ambako mwanao wa miaka saba anapanda kutafuta mpira. Itakuwepo siku ya mgogoro wa mpaka wa shamba na jirani, siku mumeo ametoka kilabuni na maneno ya watu kichwani, siku mmegombana ninyi wawili na hasira imepanda kuliko akili. Sisemi mumeo ni mkali. Kwa jinsi ulivyomweleza naona ni mtu mpole. Nasema simba atamkuta pengine mara moja katika maisha yake, na nyumbani kwenu hasira na watoto wapo kila siku. Mimi binafsi nisingekubali kulala juu ya kitu hicho, na nisingeona haya kumwambia mume wangu hivyo.

Sasa afanye nini, maana simba bado yupo?

Kwanza, asiende peke yake, wala wawili. Wakiwa wanne au watano, wenye kuongea njiani, wanyama wengi watawasikia mapema na kupisha. Pale kambini warudishe boma la miiba, lenye mlango unaozibwa, na moto uwake mpaka alfajiri kwa zamu. Zamu ya kweli, ya mtu aliyelala mchana kidogo, siyo ya mtu aliyekunywa. Masega yaliyokamuliwa, mabaki ya nyama na samaki wasiyaache karibu na malazi, kwa sababu yatamwita nyegere, fisi atafuata, na huwezi kujua nani anafuata nyuma ya fisi. Tochi zenye mwanga mkali siku hizi zinapatikana hata Sikonge mjini, na filimbi au honi ya gesi haizidi uwezo wa kikundi cha warina asali watano wakichangishana. Kule ambako tembo wanasumbua mashamba, wanakijiji hutumia tochi, honi na mabomu ya pilipili, na kazi inafanyika bila mtu kushika bunduki.

Akikutana na simba mchana, asikimbie. Najua ni rahisi kusema nikiwa nimekaa kitini, lakini azoee kuwaza hivyo tangu nyumbani: asimame, amtazame, ainue mikono na shoka au fimbo yake, apige kelele ya kiume, arudi nyuma polepole bila kumgeuzia mgongo. Anayekimbia ndiye anayefukuzwa. Kwa nyati ni mti, na mti mzuri huchaguliwa kabla ya kuuhitaji. Kwa tembo ni sikio: matawi yanayovunjika mbele yenu yanawaambia mgeuze njia, mkiangalia upepo usimpelekee harufu yenu. Na kama wanamfuata yule ndege anayewaongoza kwenye asali, mmoja aangalie ndege na mwingine aangalie chini na mbele. Wote wakiinua macho juu, wamekwisha.

Nikiwa kwenye tembo, nisiwanyime habari moja nzuri. Kenya, mtafiti Lucy King aligundua kwamba tembo huogopa sauti ya nyuki, akaanza kuzungushia mashamba uzio wa mizinga iliyoungwa kwa waya: tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Mbinu hiyo sasa inatumika nchi nyingi. Ninyi mnaojua kuchonga mzinga wa gogo na kubandua gome la muyombo mkapata mzinga bila kumuuliza mtu, mnayo tayari silaha ambayo mnyama mkubwa kuliko wote anaikimbia. Mashamba ya pembezoni mwa msitu yangefaidika nayo leo hii.

Kuna wanyama wengine wawili ambao mumeo hakuwataja kwenye hofu zake, na mimi ndio ninaowaogopa kwa niaba yake. Mmoja ni nyoka. Kifutu hulala njiani rangi moja na majani makavu, na mtu anayerina usiku, kienge mkononi, macho juu ya mti, humkanyaga. Mabuti marefu yanapunguza sana hatari hiyo, na bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya bastola. Akiumwa, wasichanje, wasifunge kamba ya kukata damu; wamlaze, mguu usitikiswe, wambebe mpaka hospitali ya Sikonge. Kwa hiyo pikipiki moja yenye mafuta ibaki mahali inapofikika, na wote wajue ilipo.

Wa pili ni mbung'o. Mnyama aliyewahamisha watu wa misitu ya Tabora kutoka vijiji vyao vya asili hakuwa simba, mdogo wangu. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu kwenye makazi makubwa kwa ajili ya malale anayoeneza mbung'o, na mapori mengi mnayoyaona leo hayana mtu yalikuwa na mashamba na makaburi ya wazee wetu. Malale ya upande wetu wa Afrika huenda haraka, yanaweza kuua ndani ya miezi. Mbung'o hupenda rangi ya bluu na nyeusi, basi mshonee mumeo nguo za kazi za kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu. Akirudi kutoka kambini ana homa isiyosikia dawa ya malaria, kichwa kinauma na usingizi umevurugika, msimnunulie tena vidonge dukani. Aende hospitali, aseme wazi kwamba ametoka porini kwa mbung'o, na damu yake ipimwe.

Sasa namna ya kumwambia. Usianze usiku ule anaporudi na hasira, wala usianze na neno "hapana". Anza na nyayo. Mwambie akusimulie tena, taratibu, waliona nini, moto ulikuwa umezimika saa ngapi, nani alikuwa zamu, walikuwa wamekula nini na mifupa waliitupa wapi. Atajikuta mwenyewe anakueleza palipokuwa na tundu. Kisha mwambie unachoogopa wewe: polisi, mtoto, godoro. Mwambie kwa sauti ya mke anayetaka mumewe arudi, maana ndivyo ulivyo. Wengi wetu tumezoea kupeleka ujumbe kwa wifi au kwa mzee wa ukoo. Hili mseme wawili, kwanza kwa sababu ni lenu, pili kwa sababu kila anayesikia habari ya silaha ni shahidi.

Akisema bado anataka silaha, njia ya wazi ipo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inaruhusu raia kuomba leseni. Maombi huanzia serikali ya kijiji, yakapitia kata, yakafika polisi wilayani. Huko atachunguzwa na kutakiwa aonyeshe kwamba anajua kuitumia na ana mahali salama pa kuihifadhi. Ni safari ndefu, na kwa maoni yangu urefu wake una maana. Hata akiipata, leseni haimruhusu kuingia nayo hifadhini. Kuwa na silaha ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa jingine. Na akimuua mnyama kwa kujiokoa kweli, sheria inamlinda, mradi atoe taarifa mara moja na asichukue ngozi, nyama wala kucha, kwa sababu mnyama yule ni mali ya Serikali.

Lakini kabla ya leseni, kuna mlango ulio karibu zaidi. Ipole ilikuwa miongoni mwa maeneo 16 ya kwanza ya majaribio ya jumuiya za hifadhi ya wanyamapori nchini. Jumuiya hizo zina askari wa vijiji, na vijana wengi wa kazi hiyo husomea chuo cha Likuyu Sekamaganga, Namtumbo. Nyayo zile zilipaswa kuripotiwa kwao asubuhi ile ile. Kikundi cha mumeo kiende ofisini msimu haujaanza, kiseme kambi itakuwa wapi, watu wangapi, kwa siku ngapi, na kiulize simba wameonekana wapi na mpaka wa hifadhi unapita wapi sasa. Kuingia kwa kujulikana kuna faida nyingine ambayo hatupendi kuiwaza. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011 zilipotungwa ziliweka shilingi milioni 1 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama hatari. Ni hela kidogo kwa roho ya mtu, lakini aliyekuwa porini kinyume cha sheria familia yake haipati hata hiyo.

Na kile kianzio alichokwisha kutoa, kisameheni. Mumeo asirudi kwa yule muuzaji kudai, asipige simu, asitume rafiki, asimtishie kwamba atamtaja. Watu wanaouza vitu hivyo hawadaiwi kama muuza mahindi. Amwambie mara moja tu kwamba hela zimekosekana na biashara imekufa, kisha namba ile asiipokee tena. Zile mlizokuwa mnazikusanya kumalizia, kanunueni mabuti na tochi kabla msimu haujaanza.